Kibarani Yangoja Prosesa: Uvumi Umetangulia, Mali Iko Njiani

Lisemwalo lipo, walisema wazee wetu, na kama halipo laja. Vijana wa Kibarani wameishika methali hii kwa mikono miwili, na siku hizi hawaitumii kwa habari za posa wala za kura, bali kwa habari za kidude cha ukubwa wa stempu ya barua kiitwacho prosesa. Ndicho kifanyacho hesabu zote ndani ya kompyuta. Wako wanaokiita bongo lake. Walimu wametupa neno "kichakataji", kama walivyotupa "tarakilishi" na "ngamizi" kwa kompyuta yenyewe, nami sina ugomvi na walimu. Lakini neno hushinda kwa kutamkwa na watu, na pale kwenye kibanda cha fundi hapana asemaye ila "prosesa" na "gen".

Nitaje kwanza ni Kibarani ipi, maana msomaji wa Mombasa atadhani nasema ile ya karibu na Makupa, iliyokuwa jaa la taka kwa miaka mingi. Sivyo. Hii ni Kibarani ya Kilifi, nje kidogo ya mji, penye shule ya viziwi, mikorosho, minazi na akina mama washonao makuti chini ya miembe. Ni watu waliozoea uvumi hawa. Tangu kiwanda cha korosho cha Kilifi kilipokufa miaka ya 1990, hapakosi mtu wa kukuambia kuwa mwakani kitafunguliwa. Na wale waliokuwa na watoto wa darasa la kwanza mwaka 2013 wanakumbuka laptopu walizoahidiwa katika kampeni za mwaka ule: zikangojwa, zabuni ikafutwa, na mwaka 2016 vikaja vishikwambi badala yake.

Basi, mpenzi msomaji, usiwacheke vijana hawa wakikesha kwa habari za prosesa. Wamekulia katika kungoja.

Wanangoja nini hasa? Mwaka 2025 ulikuwa na fununu tele. Kampuni ya AMD ya Marekani ilitangaza yenyewe mwezi wa Aprili kuwa prosesa yake ya mitambo mikubwa, iliyopewa jina la Venice, itachongwa na kiwanda cha TSMC cha Taiwan kwa ufundi mpya wa nanomita 2. Hilo ni tangazo la mwenye mali. Lakini juu ya tangazo hilo watu walijenga ghorofa: prosesa za kompyuta za kawaida zitakazofuata zitakuwa na kasi hii, viini hivi, bei hii. Kwa upande wa Intel jina lililokuwa midomoni ni Nova Lake, na uvumi ulisema itakuwa na viini 52. Kiini ni sehemu ya prosesa ifanyayo kazi peke yake, kama mpishi mmoja katika jiko la arusi. Prosesa kubwa ya mezani ambayo Intel iliitoa Oktoba 2024 ina wapishi 24. Ukimwambia kijana kuwa watakuja 52, atalala kweli?

Sisi tuliopitia chuoni, tukakaa mkekani mbele ya mwalimu na mbao zetu, tulifundishwa jambo moja ambalo nimelikumbuka sana kwa habari hizi. Wanazuoni wa hadithi hawakupokea neno bure. Waliuliza isnadi: umeyapata kwa nani, naye kwa nani, na huyo wa mwisho alikuwapo? Habari ikapimwa, ikaitwa sahihi, au hasan, au dhaifu, au ya kuzuliwa. Nikajaribu kuzipima fununu za prosesa za miaka iliyopita kwa kipimo hicho hicho. Sikukusudia kufananisha dini na biashara. Kipimo kizuri ni kizuri.

Tuanze na ile iliyowaumiza wengi. Kwa miaka kadhaa ilinong'onwa kuwa AMD inaunda prosesa iitwayo Bulldozer, yenye viini vinane, itakayoifagia Intel. Wapenzi wa AMD waliweka fedha zao kando wakangoja. Ilipotoka Oktoba 2011, kwa dola 245 ile ya juu, ilikuwa na joto jingi, ikila umeme, na katika kazi nyingi Intel ya Januari mwaka huo iliishinda. Hata hivyo "viini vinane" vyenyewe vilifika mahakamani: wanunuzi wa Marekani walishitaki mwaka 2015 wakidai kuwa viini hivyo havikuwa kamili, kila viwili vikigawana viungo, na mwaka 2019 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 12.1 kumaliza kesi. Hapo mwenye mali mwenyewe alikuwa katika isnadi, na bado wanunuzi wakanung'unika.

Kwa hiyo mwaka 2017, uvumi ulipokuja tena kuwa AMD hiyo hiyo ina prosesa mpya, wenye akili walitikisa vichwa. Hisa zake zilikuwa zimeshuka chini ya dola 2 mwaka 2015, nani angeamini? Kampuni ilikuwa imeahidi kuwa kila kiini kitafanya kazi asilimia 40 zaidi ya kile cha zamani kwa mapigo yale yale. Siku ya kutangaza ikasema si 40, ni 52. Tarehe 2 Machi 2017 Ryzen ikaingia madukani, ile ya juu kwa dola 499, wakati prosesa ya Intel ya viini vinane ilikuwa ikiuzwa zaidi ya dola 1,000. Mara hii maneno yalikuwa machache kuliko mali. Ni nadra, na ndiyo sababu wapenzi wa AMD hawaachi kuisimulia.

Iko na ya katikati, nayo ndiyo inipendezayo kwa kuwa inafanana na hadithi nyingi za mabarazani. Mwisho wa mwaka 2018 ilivuma orodha nzima ya prosesa mpya za AMD, na majina yake na bei zake, mpaka moja ya viini 16 yenye kasi ya kupita gigahezi 5 kwa dola 499, ambayo ingetangazwa Januari. Januari ikaja, ikapita. Julai 2019 kwa dola 499 zile zile ikaja ya viini 12, kasi gigahezi 4.6. Ile ya viini 16 ilitoka Novemba, kwa dola 749, na gigahezi 5 haikuzifika. Je, aliyeieneza orodha alisema uongo? Viini 16 vilikuwako. Kosa lilikuwa katika kila kitu kilichovizunguka. Wanazuoni wangeiita dhaifu, wala wasingeitupa yote.

Na sahihi ni ipi? Ni ya Apple. Aprili 2018 shirika la habari la Bloomberg liliandika kuwa Apple itaiacha Intel na kuunda prosesa zake za kompyuta kuanzia 2020. Apple ikatangaza hivyo hasa tarehe 22 Juni 2020, na Novemba ikatoa M1, yenye transista bilioni 16. Prosesa ya kwanza kuuzwa katika chipu moja, Intel 4004 ya Novemba 1971, ilikuwa na transista 2,300. Hapa natia neno la kando. Setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la Waitaliano lililo baharini Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ikaenda kuchungua miali ya eksirei ya nyota. Yaani chombo kilipaa angani kutoka bahari yetu hii karibu mwaka mzima kabla chipu ya namna hiyo haijauzwa popote duniani. Waambie hivyo wanaodhani mambo haya yameletwa kwetu juzi.

Vijana waliponisikia nikizipanga habari namna hii waliniomba beti, nami niliwapa:

Habari za mtandao, si zote za kuamini,
Uulize wasemao, waliyapata kwa nani,
Wengi ni wasikiao, hawakuona kwa mboni,
Kingoje ukitakao, hadi kifike dukani.

Fundi wa kibanda alicheka. Ni mtu wa makamo, mikono yake inanuka risasi ya kuunganishia, na kwenye meza yake mna madabodi zaidi ya ishirini zilizokufa. "Ustadhi," akaniambia, "beti nzuri, lakini umekosea mlango. Sisi hapa hatuingojei ile mpya. Twaingojea ile itakayofukuzwa na ile mpya."

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Hapa Kibarani prosesa mpya haifiki. Hufika iliyostaafu. Ofisi ya Ulaya hununua kompyuta, huzitumia miaka mitatu au mine, kisha huziuza kwa jumla. Zikapakiwa, zikaja na meli, zikaitwa "ex-UK" hata kama zilikuwa Ujerumani, zikapanda matatu ya Kilifi. Ndiyo maana lugha ya kibandani ni ya vizazi. Gen ya sita ya Intel ilizaliwa mwaka 2015, gen ya nane 2017, gen ya kumi na nne 2023, kisha wenyewe wakabadilisha majina wakaanza hesabu upya, jambo ambalo fundi halipendi hata kidogo. Kila uvumi wa huko juu, hapa chini una maana moja: ngazi itasogea daraja moja.

Ila kuna daraja moja lililooza. Microsoft ilipoleta Windows 11 mwaka 2021 ilisema kuwa haitazitambua rasmi prosesa nyingi za Intel zilizo chini ya gen ya nane. Kisha tarehe 14 Oktoba 2025 ikaacha kuitunza Windows 10 bila malipo kama ilivyokuwa ikifanya, isipokuwa kwa nyongeza ya muda kwa watakao kujiandikisha. Kwa siku moja gen ya sita na ya saba, ambazo bado zinafungua kazi zote za mwanafunzi, zikawa kama pasipoti iliyokwisha muda. Ofisi za Ulaya zina kila sababu ya kuziondoa. Nazo zitakwenda wapi, kama si huku? Fundi asema akiletewa ya gen ya sita huiwekea Linux, lakini mteja akiona picha ya skrini si ile aliyoizoea, hurudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka.

Na hatari nyingine imo katika zile zinazotamaniwa. Prosesa za mezani za Intel za gen ya kumi na tatu na ya kumi na nne, zile za nguvu, zilikuwa na ila ya umeme iliyokuwa ikiziharibu polepole. Wacheza michezo ya kompyuta walilalamika kwanza, ikadhaniwa ni maneno yao tu. Mwaka 2024 Intel ikakiri, ikatoa marekebisho na kuongeza miaka miwili katika dhamana. Zitakapofika Kilifi kwa mkono wa pili, dhamana hiyo nani ataidai, na kwa karatasi gani?

Pale kibandani nilimkuta binti mmoja wa Chuo Kikuu cha Pwani, yuko mwaka wa mwisho. Alinipa shikamoo, nikaitika, akakaa kimya mpaka fundi alipomaliza na wengine. Mamake anashona makuti. Kwa makuti hayo, na kwa mchango wa mjomba, zilipatikana shilingi 28,000 za laptopu ya kuandikia kazi yake ya kumaliza chuo. Hiyo ilikuwa Agosti 2025. Wenzake wakamwambia: usinunue sasa, prosesa mpya zinakuja, na Windows inafunga Oktoba, bei zitaanguka kama maembe. Akangoja. Akawa akiandika kwa simu, kurasa hamsini, kwa kidole gumba.

Oktoba ikaja, na kilichokuja nacho hakikuwamo katika uvumi wowote wa Kibarani. Bei za ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, zilianza kupanda kwa kishindo dunia nzima. Viwanda vichache vitengenezavyo ramu viligeukia kuilisha mitambo mikubwa ya akili bandia, ambayo hulipa zaidi. Mwezi wa Desemba kampuni ya Micron ilitangaza kuwa itaiacha biashara yake ya Crucial, iliyouzia watu wa kawaida. Basi vijana walikuwa wamekodoa macho kwenye prosesa, mwizi akapita mlango wa ramu. Laptopu ambayo binti aliiona Agosti kwa fedha zake, Januari ilikuwa imempita kwa elfu kadhaa.

Nilimuuliza: "Mwanangu, nani aliyekuambia ungoje?" Akafikiri. "Ni kaka mmoja wa darasa la kompyuta. Naye alisikia kwa rafiki yake aliye Nairobi." Isnadi ya watu wawili, na wote hawakuuza wala kununua.

Fundi hakumwacha mikono mitupu. Alimtolea mashine ya gen ya saba, kioo chake kina ufa pembeni, ramu amezikusanya kutoka mashine mbili zilizokufa, akamwekea Linux na kumwonyesha pa kubonyeza. Shilingi 17,000. Binti akaandika mbele yetu jina lake, na jina la utafiti wake juu ya mikoko ya hori ya Kilifi, akalihifadhi, akaifunga mashine na kuifungua tena kuhakikisha halikupotea.

Vijana wengine bado wapo bencheni. Wanasema Jumatano kuna mzigo unaokuja kutoka Mombasa, mashine arobaini, zote gen ya nane, bei ya chini. Nilimuuliza fundi kama ni kweli. Akasema ameambiwa na dereva.