Mchungaji Mpangaji

Kibera, mtaa wa Nairobi, ilianza kama kiinua mgongo. Askari Wanubi waliotumikia jeshi la King's African Rifles waliachiwa msitu wajenge, ila hati hawakupewa. Wajukuu wao walingoja hadi 2017 ndipo jamii yao ikakabidhiwa hati ya ekari 288. Mchungaji wa Kimennonite anayehamia mitaa hii, Kibera au kule Kawangware 56, mahali palipobandikwa namba ya matatu hadi pakaitwa hivyo, anakuja na urithi ulio kinyume cha huo. Wanubi walipata makao kwa kushika bunduki. Waliomtangulia yeye katika imani waliyapoteza makao kwa kukataa kuishika. Walianzia Zürich, Uswisi, Januari 1525, wakabatizana wakiwa watu wazima, jambo ambalo serikali ililiona uasi. Miaka miwili baadaye mmoja wao, Felix Manz, akatoswa mtoni akafa. Wengine walihama nchi hata nchi, mpaka Pennsylvania.

Afrika Mashariki nako kanisa hili limetembea kwa miguu ya wahamiaji. Wamisionari kutoka Marekani walifungua kituo Shirati, Tanganyika, mwaka 1934, lakini kufika Migori, upande wa Kenya, halikuvushwa na wao peke yao: Waluo wa pande zote mbili walikuwa ndugu kabla mpaka haujachorwa. Nchini Kenya kanisa lilisajiliwa 1977. Mfano ulio wazi wa mchungaji mgeni jijini ni David Shenk, mtoto wa wamisionari aliyezaliwa Shirati 1937, akafanya kazi Somalia miaka kumi, kisha akahamia Nairobi mwaka 1973. Huko, yeye na Badru Kateregga, msomi Mwislamu kutoka Uganda, waliandika kitabu cha mazungumzo kati ya dini zao mbili. Nairobi hapakuwa kwao wote wawili, na sidhani hilo lilitokea kwa bahati. Mwenyeji ana mengi ya kulinda: shamba, ukoo, kura. Mgeni ana nafasi ya kusikiliza.

Ndiyo maana nadai kwamba ugeni wa mchungaji Kawangware ndicho kitendea kazi chake kikubwa. Anapanga chumba kama waumini wake, ananunua maji kwa mtungi kama wao, na kwa kuwa sadaka ya kanisa la mabati haitoshi mshahara, ile methali ya mgeni kupewa jembe siku ya tatu inamhusu bila mafumbo. Zaidi ya hapo ana fundisho la ubatizo wa hiari. Linasikika kama jambo la vitabuni mpaka ulilinganishe na siasa zetu, ambazo humhesabu mtu kwa tumbo alilotoka. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini, na Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, moto ukawaka tena Kawangware. Katika mtaa kama huo, ushirika ambao hakuna anayezaliwa ndani yake ni dai zito.

Atakuja mtu aseme: mhamiaji huyo huyo huja na kabila lake mkobani, na kanisa lililotoka Migori likifika mjini hugeuka chama cha watu wa nyumbani. Pingamizi hili lina uzito, wala silipuuzi. Hata Tanzania, alipowekwa Zedekia Kisare kuwa askofu wa kwanza Mwafrika mwaka 1967, Uluo wake haukuwa jambo dogo mbele ya makabila mengine ya mkoa wa Mara. Lakini dawa yake iko mdomoni mwa mchungaji: akihubiri Kijaluo amewafariji wachache, akihubiri Kiswahili, hata kile cha mtaani, amemfungulia mlango jirani Mluhya na Mkikuyu. Wengine husema kukataa silaha ni rahisi kwa asiye na mali. Wanasahau kwamba panga halingoji mtu awe na shamba. Kijana anayekaa nje wakati wenzake wamejipanga barabarani huitwa msaliti usiku huo huo, na anayemficha jirani wa kabila lingine huhatarisha kile chumba kimoja alicho nacho.

Wamennonite wengi bado huoshana miguu ibadani, kama Yesu alivyowaosha wanafunzi wake. Kawangware, msimu wa mvua, miguu huja na tope kweli, na maji ya beseni yamenunuliwa.