Fundi Mwashi Awapo Mwalimu

Katika bonde letu la Kilombero hakuna ahitajiye kuambiwa thamani ya fundi mwashi. Masika yafikapo, mto hufurika na maji hutanda. Ndipo nyumba yenye msingi dhaifu hujulikana. Lakini leo twataka kunena juu ya fundi ambaye, akiisha kujenga miaka mingi, aacha kazi hiyo na kwenda kuwafundisha vijana. Watu humstaajabia. Husema, "Amechoka," au, "Amekosa kazi." Sivyo. Huyu ameshika kazi iliyo ngumu kuliko ile ya kwanza.

Ugumu wake ni nini? Mkono wa fundi hujua mambo ambayo kinywa chake hakijapata kuyasema. Tazameni jambo dogo. Fundi huyalowesha matofali ya kuchoma kabla ya kuyapanga. Ukimwuliza sababu, atajibu, "Ndivyo tufanyavyo." Jibu hilo lamtosha fundi, walakini halimtoshi mwalimu. Yampasa aeleze ya kuwa tofali kavu hunyonya maji ya saruji, na saruji ikosayo maji haishiki sawasawa, hata ukuta hukosa nguvu. Vivyo hivyo pembe ya msingi: fundi hupima futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, kisha hutazama kama mshazari ni futi 5. Mwanafunzi aliyeelezwa maana ya hesabu hiyo ataweza kupima kwa 6, 8 na 10 pasipo kuambiwa. Asiyeelezwa atabaki kuiga tu.

Ugumu wa pili ni subira. Kazini, saidia fundi akikosea, fundi humpokonya mwiko akamaliza mwenyewe, kwa kuwa mwenye nyumba angoja. Chuoni sivyo. Mwalimu humwacha kijana apange matofali, ashushe timazi, aone mwenyewe ya kuwa ukuta umeinama, aubomoe, aanze tena. Kuutazama ukuta mbaya na kuizuia mikono yako ni jambo zito kwa fundi stadi.

Tena yako mambo ya nyumbani. Fundi amezoea kupata ujira kila amalizapo kazi. Aendaye kusomea ualimu huukosa kwa muda, na mkewe na watoto huubeba mzigo huo pamoja naye. Basi neno hili na lisemwe nyumbani mapema, na fedha ziwekwe kabla ya safari. Akiba haiozi.

Njia yenyewe i wazi. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iitwayo VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Fundi aliyejifunza kazini, asiye na cheti, aweza kupimwa ujuzi wake akapewa cheti. Cheti hicho peke yake hakimfanyi mtu kuwa mwalimu, bali ni msingi wa kujengea. Mjini Morogoro kipo chuo cha waalimu wa ufundi stadi. Humo hujifunza kupanga masomo, kueleza, na kupima kazi za wanafunzi. Atokaye Ifakara hupita Kidatu na Mikumi, na hapo Mikumi VETA ina chuo cha ufundi. Yafaa ashuke, aone jinsi wenzake wafundishavyo, aulize masharti yote kabla hajaiacha kazi yake.

Nanyi wazazi na waalimu wa shule, msimdharau kijana aendaye kujifunza uashi, wala msidhani ya kuwa amepelekwa huko kwa kuwa hana akili. Mmeona jinsi kupima pembe moja kudaivyo hesabu.

Nanyi mafundi wazee msioweza kwenda Morogoro, kila siku yuko kijana kando yenu achanganyaye mchanga na saruji. Msimwagize tu, mwambieni na sababu. Nyumba mliyoijenga vema itasimama baada yenu, lakini ujuzi usiofundishwa huzikwa siku moja na mwenyewe.