Sikio Kwenye Dumu la Wanzuki

Basi lilikuwa limeshapita Inyonga, tunaelekea Sikonge, niliposikia dumu langu likigonga chini ya kiti. Lilikuwa na lita tano za wanzuki, pombe ya asali. Alfajiri, Mpanda, nilikuwa nimekaza kifuniko chake kwa nguvu zote ili isimwagike kabla ya Tabora. Nilipoinama kuligusa, lilikuwa limevimba, gumu kama mpira uliojazwa upepo. Mama aliyeketi pembeni yangu akashika kifuniko, akakilegeza kidogo, akasubiri, akalegeza tena. Gesi ikatoka ikifoka.

“Umeiwahi, mwanangu,” akaniambia. “Imenyamaza tu, haijaisha.”

Wapikaji wa Katavi, mkoa wa asali na miombo, hujua wanzuki imeiva bila kipimo chochote. Siku za mwanzo pombe huchemka bila moto; ukiinamia pipa unasikia mapovu yakipasuka, kama mvua inayonyesha mbali juu ya majani makavu. Kisha sauti inapungua, povu linashuka, utamu wa asali unaupisha ukali. Mpikaji anachota kwa kata, anaonja, anasema imeiva. Na kweli imeiva, kwa kunywewa leo, kutoka kwenye chombo kinachopumua.

Kuziba chupa ni habari nyingine, na hapo ndipo wengi tunakosea. Chachu hula sukari na kutoa kileo na gesi. Katika pipa lililo wazi gesi hujiendea zake. Ndani ya chupa haina pa kwenda. Gramu 4 tu za sukari, kama kijiko kimoja cha chai, zikiliwa katika lita moja ya pombe hutoa karibu lita nzima ya gesi. Bia ya kiwandani hubeba takribani lita mbili na nusu za gesi kwa kila lita. Sasa fikiria wanzuki iliyobakiza kijiko kikubwa cha asali, chenye gramu 16 hivi za sukari: hizo ni lita nne za gesi katika chupa ya lita moja. Chupa ya kioo ya bia ikipasuka kwa nguvu hiyo, vipande vyake vinaweza kumtoa mtu jicho.

Asali ina ugumu wake pia. Ina sukari tele lakini chakula kingine cha chachu ni haba, kwa hiyo kazi huenda polepole. Juni na Julai, usiku wa Mpanda ukiwa wa baridi, chachu husinzia na pipa likanyamaza kabla sukari haijakwisha. Joto likirudi, inaamka. Dumu langu liliamkia ndani ya basi.

Mwenye haidromita ana nafuu. Kifaa hicho huelea juu zaidi sukari ikiwa nyingi na kuzama kadiri inavyoliwa. Kipimo kisipobadilika kwa siku tatu mfululizo, pombe ikiwa mahali penye joto na ulimi nao ukikubali kwamba utamu umekwisha, ziba. Kipimo kilichoganda juu, na pombe bado tamu, ni chachu iliyolala.

Pombe ya mahindi na kimea cha ulezi mimi siizibi kabisa. Wanga na kimea vimo humo humo, kazi inaendelea mpaka inageuka siki. Hata Chibuku, iliyoanzia Zambia, huuzwa ikiwa bado inachemka, katika pakiti iliyoachiwa nafasi ya kupumua.

Siku hizi, kabla ya kuziba chochote, najaza wanzuki kwenye chupa ndogo ya plastiki ya soda, naacha vidole viwili juu, naibana hewa itoke, nafunga na kuiweka jikoni karibu na jiko. Kila asubuhi naiminya kwa kidole gumba. Ya wiki hii ilikuwa laini Jumatatu na Jumanne. Jana ilikuwa ngumu. Nimeilegeza kifuniko, na pipa nimelifunika tena kwa kitambaa.