Kunawa Uso

Kila asubuhi watoto wa Kalemie hunawa uso kabla ya kwenda shuleni. Je, wote hunawa vema? Mmoja hugusa macho kwa maji, kisha hukimbia. Mwingine hujisugua kwa kipande cha wavu na sabuni ya kufulia, mpaka uso unawasha. Wote wawili hawajanawa vema. Tutazame sababu.

Ngozi ni kama ukuta wa nyumba. Inazuia vijidudu visiingie mwilini, na inazuia maji ya mwili yasipotee. Juu yake pana mafuta kidogo yanayoilinda. Sabuni hutengenezwa kwa mafuta na soda kali. Sabuni iliyo kali mno huondoa uchafu, lakini huondoa pia yale mafuta mema. Nawe ukisugua kwa nguvu, ukuta hupata nyufa, na vijidudu hupata mlango.

Tena, maji ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi yaliyoyeyuka ndani yake. Kwa hiyo sabuni haifanyi povu upesi kama katika maji ya mvua. Mtoto akiongeza sabuni, mabaki yake hushika ngozini na kuikausha. Basi tia sabuni kidogo, kisha suuza mara mbili au tatu.

Ngozi za watu si sawa.

Ngozi ya mafuta hung'aa puani na kwenye paji la uso, hasa kwa vijana wanaobalehe. Ioshwe asubuhi na jioni kwa sabuni laini. Chunusi zisiminywe, maana huacha madoa.

Ngozi kavu hupauka kama imepakwa majivu, hasa wakati wa kiangazi, upepo wa kusini-mashariki unapovuma ziwani. Asubuhi maji matupu yatosha. Jioni tumia sabuni kidogo, kisha pakaa mafuta ngozi ingali na unyevu.

Ngozi inayowashwa upesi haipendi sabuni yenye manukato. Mwenye ngozi hiyo atumie maji matupu, au sabuni isiyo na harufu.

Ngozi ya mwenzetu mwenye ualbino huungua upesi kwa jua. Aioshe polepole, kisha avae kofia pana anapotoka nje.

Sasa tazameni nzi. Huyu hutua juu ya ndagala waliokauka, na juu ya macho yenye tongo. Anaweza kuchukua kijidudu cha trakoma kutoka jicho la mtoto mmoja mpaka jicho la mwingine. Mikono na kitambaa cha watu wengi huweza kukichukua vilevile. Mtu akiugua trakoma mara nyingi, kope zake huja kugeukia ndani na kukwaruza jicho. Mwisho aweza kuwa kipofu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linahesabu usafi wa uso kati ya njia nne za kupigana na ugonjwa huu.

Kuna pia sabuni za kuchubua ngozi ili iwe nyeupe. Nyingine zina zebaki, ambayo ni sumu: hupita ngozini na kuharibu figo. Mwaka 2013 mataifa yalifanya Mapatano ya Minamata, na ndani yake walikubaliana kukomesha sabuni za namna hiyo. Usizitumie. Rangi ya ngozi yako si uchafu.

Fanya hivi:
1. Nawa mikono kwanza.
2. Chota maji safi, usichovye uso katika beseni la wote.
3. Funga kinywa, osha uso kwa vidole, polepole. Usisahau pembe za macho na pua.
4. Suuza vizuri.
5. Jipanguse kwa kitambaa chako mwenyewe, bila kusugua.

Maswali
1. Kwa nini ngozi inafanana na ukuta?
2. Ngozi kavu ioshwe namna gani?
3. Nzi hudhuru macho kwa njia gani?
4. Zebaki huharibu nini?