Dorkasi wa Yafa Alivyofika Keroka

Ukifiwa Keroka, magharibi mwa Kenya, jiko lako halikai tupu. Alfajiri utawaona akina mama wa Dorkasi wakiingia na unga, sukari, majani ya chai na mikungu ya ndizi vichwani. Mmoja anafungua daftari na kuandika nani ameleta nini. Wawili wanakwenda kuchota maji, mwingine anawasha moto, na aliye mtu mzima kuliko wote anaketi karibu na mjane, anamshika mkono, wala hana haraka ya kusema neno. Hao hao ndio wanaomfulia nguo mama aliyejifungua na kwenda kumwona mgonjwa aliyesahauliwa na ukoo wake.

Wengi wetu tuliokulia milima ya Masaba tulilijua jina Dorkasi kama jina la kikundi kabla ya kujua kwamba lilikuwa jina la mtu. Watoto wetu waliozaliwa Minnesota au Texas hawalijui kabisa. Wanasikia tu kwamba nyanya ametuma ujumbe, Dorkasi wanachanga, na baba ametoa dola hamsini. Ningependa waijue asili yake. Ningependa pia sisi wakubwa tuisome upya, kwa sababu naamini tumeipokea nusu.

Habari yenyewe imo katika Matendo ya Mitume, sura ya tisa. Yafa ilikuwa mji wa bandari, na leo ni sehemu ya Tel Aviv. Aliishi huko mwanamke aitwaye Tabitha, kwa Kiyunani Dorkasi, aliyewashonea wajane nguo. Akaugua, akafa, akaoshwa na kulazwa orofani. Waumini wakatuma watu wawili kumwita Petro, aliyekuwa Lida, si mbali na hapo. Petro alipofika, wajane walimzunguka wakilia na kumwonyesha kanzu na mavazi aliyowatengenezea. Sehemu hii hunigusa kila mara. Wajane hawakuanza kumsifu kwa maneno, walileta nguo. Petro akawatoa wote nje, akapiga magoti, akaomba, na Tabitha akafumbua macho.

Luka hamtaji mume wa Tabitha wala watoto wake. Anamwita mwanafunzi, na katika Agano Jipya lote hakuna mwanamke mwingine anayeitwa hivyo waziwazi kwa jina lake. Basi heshima yake haikutoka kwenye ndoa wala kwenye uzazi. Ilitoka kwenye imani yake na kazi ya mikono yake. Hilo peke yake lingetosha kuhubiriwa wiki nzima.

Kutoka Yafa hadi Keroka njia ya jina hilo ilipitia Battle Creek, mji mdogo katika jimbo la Michigan, Marekani. Ndiko Kanisa la Waadventista Wasabato lilikoundwa rasmi mwaka 1863, na Ellen White, mwanamke, akiwa mmoja wa waanzilishi wake wakuu. Mwaka 1874 wanawake wa hapo walianzisha chama cha kushona nguo na kulisha familia zilizokwama, hasa za wajane na yatima. Wakakipa jina la Dorkasi. Aliyekiongoza mwanzoni ni Martha Byington Amadon, binti wa John Byington, rais wa kwanza wa Konferensi Kuu, baraza kuu la kanisa hilo. Jina likaenea popote walipokwenda wamisionari wa kanisa hilo.

Kwetu waliingia kupitia Ziwa Viktoria. Mwaka 1906 Arthur Carscallen, Mkanada, na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland ambayo leo ni Malawi, walifika Gendia karibu na Kendu Bay. Mwaka 1912 misheni ikafunguliwa Nyanchwa, kando ya mji wa Kisii. Wakatoliki walikuwa wamekwisha kujikita Nyabururu. Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Septemba 1914 Wajerumani na Waingereza walipigana Kisii kwenyewe, na misheni zikaporwa. Kazi ikaanza upya, na safari hii sehemu kubwa ya mahubiri vilimani ilibebwa na walimu wenyeji waliotembea kwa miguu kutoka boma hadi boma.

Keroka yenyewe ni mji wa mpakani. Upo kwenye barabara ya Kisii kwenda Sotik, upande mmoja Masaba Kusini katika Kaunti ya Kisii, upande wa pili Masaba Kaskazini katika Kaunti ya Nyamira, na kaunti hizo mbili zimevutana miaka mingi juu ya nani akusanye ushuru wa soko. Soko ni la wanawake kwa sehemu kubwa. Wao ndio walioketi nyuma ya mafungu ya mboga za managu na chinsaga, wao ndio waliovuna majani ya chai alfajiri kabla ya kuja mjini. Mtu akisoma kwamba Lidia wa Thiatira alikuwa mfanyabiashara wa zambarau, na kwamba nyumba yake Filipi iliwapokea Paulo na wenzake, mama wa Keroka hahitaji kufafanuliwa. Anajua biashara ni nini, na anajua maana ya kumkirimu mgeni kwa fedha uliyoitolea jasho.

Lakini kuna jambo wamisionari walilikuta na hawakulielewa vizuri. Abagusii, watu wa Kisii na Nyamira, walikuwa wamekwisha kumsikiliza mwanamke akinena kwa mamlaka. Mwaka 1908, miaka minne kabla ya Nyanchwa, Moraa, mtabiri na mganga, aliwahimiza vijana wakatae kutawaliwa na Waingereza. Januari ya mwaka huo Otenyo, kijana wa nyumba yake, alimchoma mkuki ofisa wa kikoloni G. A. S. Northcote. Northcote alipona. Lakini Abagusii walilipizwa kisasi kikali: nyumba zilichomwa na ng'ombe wakachukuliwa. Simfanyi Moraa kuwa nabii wa Biblia. Nasema tu kwamba jamii iliyomjua Moraa isingeshangazwa na Debora, aliyeketi chini ya mtende kuwaamua Waisraeli, na ambaye jemadari Baraka alikataa kwenda vitani bila yeye. Hata hivyo, mwanamke wa Biblia aliyepandwa mapema na kwa kina katika makanisa yetu alikuwa Dorkasi mhudumu. Debora mwamuzi alikuja nyuma sana, na katika makanisa mengi bado yuko mlangoni.

Uamsho wa imani kwetu una msimu wake, nao ni makambi. Desturi hii pia ni ya Michigan: makambi ya kwanza ya Waadventista yalifanyika Wright mwaka 1868. Kisii na Nyamira tuliyafanya yetu. Shule zikifungwa Agosti, turubai zinasimamishwa, wahubiri wanaalikwa, na wiki nzima watu wanaimba na kusikiliza hadi Sabato ya mwisho, ambapo waongofu wanabatizwa. Mhubiri mkuu anakumbukwa kwa jina. Lakini ukiuliza mtu alirudije kanisani baada ya miaka ya ulevi au ya uchungu, mara nyingi atakutajia mama fulani aliyekuwa akimtembelea kila juma, akiongea naye habari za kawaida, mpaka siku moja akamwomba waende pamoja. Makambi yanavuna. Anayepalilia mwaka mzima ni Dorkasi.

Kanisa lenyewe lilichelewa kuipa kazi hiyo nafasi yake. Sarepta Henry alianza huduma maalumu ya wanawake mwaka 1898, akafariki mwaka 1900, na jambo likafifia. Lilifufuliwa mwaka 1990, na mwaka 1995 Huduma za Wanawake zikapewa hadhi ya idara kamili. Sabato ya kwanza ya Machi sasa ni siku ya maombi ya wanawake duniani kote. Kwa upande mwingine, mwaka 2015 huko San Antonio, Texas, wajumbe wa Konferensi Kuu walikataa kwa kura 1,381 dhidi ya 977 pendekezo la kuziachia divisheni, yaani kanda za kanisa, ziamue zenyewe kama zitawawekea wanawake mikono ya uchungaji. Nchini Kenya, Wapresbiteri walikuwa wamemwekea mikono Nyambura Njoroge tangu 1982, na mwaka 2021 Waanglikana wakawapata maaskofu Emily Onyango wa Bondo, akiwa msaidizi, na Rose Okeno wa Butere. Mimi ni Msabato na nalipenda kanisa langu. Nasikitika kwamba wanawake wanaobeba uamsho wetu mabegani hawapewi sauti inayolingana na mzigo huo.

Hapa ughaibuni, somo la Ruthu ndilo linalotushika koo. Kitabu kile kinaanza kwa njaa. Elimeleki anahama Bethlehemu na mkewe Naomi na wana wawili, wanakwenda Moabu kutafuta chakula, na wanaume wote watatu wanafia ugenini. Naomi anarudi kwao mikono mitupu na kuwaambia wanawake wa mji wasimwite tena Naomi, wamwite Mara, kwa maana Mungu amemtenda kwa uchungu. Familia ngapi zetu zimechanga kusafirisha mwili kutoka Minneapolis hadi Masaba, halafu mjane akabaki na deni na chumba cha kupanga? Huyo ni Naomi, na anastahili kuachwa aseme uchungu wake kanisani bila kukatizwa kwa pambio.

Mkenya Musimbi Kanyoro aliwahi kukisoma kitabu cha Ruthu pamoja na wanawake wa Bware, kijijini kwao magharibi mwa Kenya, na mwaka 2002 akatoa kitabu juu ya usomaji huo. Alionyesha kwamba mila za msomaji, zikiwemo za ndoa, ujane na ukwe, huingia naye katika kurasa. Kanyoro ni miongoni mwa wanawake waliojenga Mduara wa wanatheolojia wanawake wa Afrika, uliozinduliwa na Mercy Amba Oduyoye huko Legon, Ghana, mwaka 1989. Hoja yao kubwa naiona ni ya haki: mwanamke wa kijijini naye ni mfasiri wa Maandiko, hata kama hajawahi kuingia chuo cha theolojia. Biblia kamili ya Ekegusii ilitoka mwaka 1988, kwa hiyo magokoro, yaani nyanya, wa Keroka anaweza kuisikia habari ya Ruthu kwa lugha aliyonyonya, na akawa na la kusema ambalo mchungaji hajalifikiria.

Yupo pia Hana. Aliomba Shilo kwa uchungu, midomo ikicheza bila sauti, na kuhani Eli akadhani amelewa. Wako akina Hana wengi katika maegesho ya magari ya nyumba za wazee hapa Marekani, saa kumi alfajiri, simu masikioni, wakiomba na dada zao walio Keroka ambako ni mchana. Imani ya watu wengi ninaowafahamu imehuishwa kwenye simu hizo kuliko mahali pengine popote.

Sasa nifike kwenye nusu tuliyoiacha. Tumemsoma Dorkasi, Hana na Ruthu, na tumeipamba siku ya akina mama kwa Mithali 31 mpaka imekuwa orodha ya kazi za nyumbani, ingawa mwanamke yule ananunua shamba na kupanda mizabibu kwa mapato ya mikono yake. Mabinti wa Selofehadi hatujawasoma. Sijawahi kusikia makambini hubiri juu yao. Ni watano: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Baba yao alifia jangwani bila mtoto wa kiume. Katika Hesabu 27 wanasimama mbele ya Musa, kuhani Eleazari, viongozi na mkutano wote, mlangoni pa hema, na kudai urithi ili jina la baba yao lisipotee. Musa anapeleka shauri kwa Bwana, na Bwana anasema mabinti hao wamenena haki. Baadaye wazee wa ukoo wao wanaleta hoja, na Musa, kwa neno la Bwana, anaweka sharti kwamba waolewe ndani ya kabila, na katika kitabu cha Yoshua wanalazimika kwenda tena kukumbusha ahadi kabla ya kupewa ardhi. Walifuatilia hadi mwisho.

Kwetu ardhi ni ndogo na imegawanywa hadi imekuwa vipande vyembamba mlimani, na mila ilimpa mwana wa kiume peke yake. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika 1981, haikumbagua binti. Mahakama ya Rufani ililisisitiza hilo mwaka 2005 katika kesi ya mirathi ya Rono, na Katiba ya 2010 ikaliweka wazi zaidi. Bado wapo wazee wa kanisa wanaoshika Sabato kwa uaminifu na kuwaacha dada zao nje ya shamba la baba. Naamini uamsho usiofika hapo haujakamilika. Haiwezekani tumshukuru mama wa Dorkasi kwa kupika msibani, halafu wiki inayofuata tugawane shamba la marehemu kana kwamba hakuzaa binti.

Kwa hiyo, wewe uliye mbali, kama mzee wenu amelala na hati ya shamba bado ina jina lake, kesi ya mirathi itahitaji barua ya chifu inayowataja warithi wote. Kabla ndugu zako hawajaenda kwa chifu kuichukua, wapigie simu, uwasomee Hesabu 27, na uhakikishe majina ya dada zenu yameandikwa, walioolewa na wasioolewa.