Baiskeli ya Umeme ya Kukunja: Uzito, Betri na Safari

Msomi wa Kiswahili anayekwenda London kufundisha au kutafiti katika SOAS, chuo kilichoko Russell Square, hana budi kushuhudia tukio hili katika siku zake za kwanza. Mtu aliyevaa suti anafika kituoni akiendesha baiskeli yenye magurudumu madogo kama ya mtoto. Anashuka, anakunja gurudumu la nyuma chini ya fremu, anageuza la mbele, analaza usukani na kushusha kiti. Muda usiotosha kumaliza salamu umepita, na baiskeli imekuwa furushi la takriban sentimita 60 kwa 60. Analibeba furushi hilo hadi ndani ya garimoshi, analiweka kati ya miguu yake, na kuendelea kusoma gazeti.

Baadhi ya furushi hizo siku hizi zina mota na betri. Hapo ndipo tamaa humwingia mgeni: achukue moja ya kumfikisha chuoni kila asubuhi, kisha arudi nayo nyumbani mwishoni mwa mwaka. Makala haya yananuia kueleza mambo anayopaswa kuyapima kabla ya kutoa fedha zake, kwa kuwa chombo hiki ni ghali na kasoro zake hujitokeza baada ya ununuzi, aghalabu katikati ya ngazi au mbele ya dawati la shirika la ndege.

Kwanza, jina lenyewe. Baadhi ya watu husema "baiskeli ya kukunja" na wengine "baiskeli ya kukunjika". Mwanafunzi wa mofolojia atatambua kwamba tofauti hapa si ndogo. Kinachokunjwa hukunjwa na mtu kwa hiari yake. Kinachokunjika chaweza kukunjika chenyewe. Mnunuzi anataka cha kwanza na anakiogopa cha pili, na hofu hiyo ina msingi, kama itakavyobainika tutakapofika kwenye bawaba.

Wazo la kukunja baiskeli si geni. Majeshi ya Ulaya yalikuwa na baiskeli za namna hiyo tangu mwishoni mwa karne ya 19, na katika Vita vya Pili vya Dunia kampuni ya BSA ya Uingereza iliwaundia askari wa miavuli baiskeli ya kukunja. Mwaka wa 1982 David Hon, mwanafizikia, alianzisha kampuni ya Dahon huko California. Kabla ya hapo, katikati ya miaka ya 1970, mhandisi Andrew Ritchie alikuwa ameanza kubuni baiskeli yake chumbani mwake South Kensington, mkabala na kanisa la Brompton Oratory. Jina la kanisa hilo ndilo lililoipa baiskeli jina. Toleo la umeme la Brompton lilitangazwa mwaka wa 2017 baada ya ushirikiano na wahandisi wa kampuni ya Williams, wale wa magari ya mashindano, na likaanza kuuzwa mwaka wa 2018 kwa zaidi ya pauni 2,500. Toleo hilo litatumiwa hapa kama kielelezo, kwa sababu linadhihirisha uzuri na udhaifu wa aina nzima.

Tuanze na uzito, maana ndio unaodanganya zaidi. Baiskeli ya Brompton isiyo na umeme ina uzito wa kilo 11 au 12 hivi. Toleo la umeme la 2018 lilikuwa na mota ndani ya gurudumu la mbele na betri ya kilo 2.9, na jumla yake ikawa takriban kilo 17. Muuzaji atasema kwamba hiyo ni "nyepesi", na kweli ni nyepesi ikilinganishwa na baiskeli nyingi za umeme, ambazo hufikia kilo 20 au 25. Lakini neno "nyepesi" halina maana mpaka mtu aulize: nyepesi kwa nani, na kwa hatua ngapi? Jerikeni ya lita 20 iliyojaa maji ina kilo 20. Yeyote aliyewahi kuteka maji anajua kwamba kuinyanyua si kazi. Kazi ni kwenda nayo. Kituo cha Covent Garden kina ngazi ya vidato 193, sawa na jengo la orofa 15. Lifti zipo na zinatumika, lakini siku zinapokwama, au katika vituo visivyo na lifti kabisa, baiskeli ya kilo 17 ni jerikeni isiyopungua sana iliyoning'inia mkono mmoja, huku mfuko wa vitabu ukiwa begani.

Kwa hiyo mnunuzi asiridhike na tarakimu zilizochapishwa. Wapo waundaji wanaotaja uzito wa baiskeli bila betri, na wengine hata bila pedeli. Afadhali kuomba mizani ya kutundika na kupima chombo kizima kikiwa na betri, taa, vikinga-matope na kila kitu kitakachokuwemo siku ya safari. Kisha akikunje mwenyewe mara tatu au nne, akibebe, apande nacho ngazi ya duka na kushuka. Duka lisilokubali jaribio hilo halistahili fedha zake. Muhimu zaidi ni kuangalia kama betri inachomoka kwa urahisi. Betri ya Brompton iliyotajwa hukaa ndani ya mfuko wa mbele wenye ukanda. Mwenyewe huuvaa begani, na uzito ukagawanyika kati ya mikono miwili. Baiskeli yenye betri iliyofichwa ndani ya fremu hupendeza macho, ila mgawanyo huo hauwezekani, na mahali penye soketi ya umeme lazima baiskeli nzima ifike.

Kuhusu betri kuna istilahi mbili zinazochanganywa hata na wauzaji: wati na wati-saa. Wati hupima kasi ya kutumia nishati, mithili ya maji yanavyotoka mferejini. Wati-saa hupima kiasi kilichohifadhiwa, mithili ya maji yaliyomo tangini. Mota ya wati 250 haielezi lolote kuhusu umbali baiskeli itakaofika. Tanki ndilo linaloeleza. Ikiwa lebo ya betri haitaji wati-saa, zidisha volti kwa ampea-saa: betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360.

Betri ya Brompton ya 2018 ilikuwa na wati-saa 300, na waundaji walikadiria umbali wa kilomita 30 hadi 70. Upana wa makadirio hayo usimshangaze msomaji. Mwendeshaji anayekanyaga kwa bidii katika barabara tambarare hutumia kama wati-saa 5 kwa kilomita; mvivu, au anayekabili upepo na vilima, hutumia 10 au zaidi. Kilima chaweza kukadiriwa kwa hesabu ya shule. Mwendeshaji, baiskeli na mzigo vikiwa na kilo 100 kwa pamoja, kila mita 100 za kupanda wima hudai takriban wati-saa 27, kabla ya kuhesabu nishati inayopotea kwenye mota. London haina vilima vya kutisha. Anayefikiria kuitumia baiskeli hiyo kutoka katikati ya Nairobi hadi Limuru afahamu kwamba kuna zaidi ya mita 400 za kupanda, yaani wati-saa 110 za kuinua mwili tu, mbali na za kusonga mbele. Atafika, lakini hatakuwa na akiba kubwa, na miguu yake italazimika kuchangia.

Gurudumu dogo hulaumiwa kwa mengi, na lawama nyingine ni za haki. Gurudumu la inchi 16 huzama katika shimo ambalo gurudumu la inchi 28 hulipita juu juu, na mwendeshaji huhisi kila kokoto. Hata hivyo, kwa mota iliyo ndani ya gurudumu udogo huo ni faida. Kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, gurudumu la inchi 16 huzunguka mara 320 hivi kwa dakika, ilhali lile kubwa huzunguka mara 190. Mota za namna hii hufanya kazi vyema zinapozunguka kwa kasi, na kwa nguvu ileile ya kuzungusha, gurudumu dogo husukuma barabara kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana mota ndogo na nyepesi huweza kutosha. Kwa barabara zenye mashimo, inchi 20 ni mapatano mazuri: furushi huwa kubwa kidogo lakini mgongo hushukuru.

Kuna pia swali la jinsi mota inavyoambiwa kuanza kazi. Baiskeli za bei nafuu huwa na kihisi kinachotambua tu kwamba pedeli zinazunguka. Mota huanza ghafla, ikachelewa kidogo kukoma, tabia inayotia hofu kwenye msongamano. Zile bora huwa na kihisi kinachopima nguvu ya mguu. Ukikanyaga kidogo hukusaidia kidogo, ukikanyaga sana hukusaidia sana. Tofauti hiyo haionekani kwenye picha wala haisomeki kwenye bei. Huhisiwa ndani ya dakika mbili za kuendesha, na inafaa kulipiwa.

Sasa bawaba. Baiskeli ya kawaida ina fremu moja iliyounganishwa milele. Hii ina viungo vinavyofunguliwa na kufungwa kila siku, hasa kwenye fremu na kwenye mhimili wa usukani. Mhimili huo ni mrefu kwa sababu gurudumu ni dogo, hivyo hubeba mzigo mkubwa mwendeshaji anapouvuta akipanda. Kila kiungo sharti kiwe na komeo, na komeo hilo liwe na kizuizi cha pili kinacholizuia kufunguka barabarani. Mnunuzi aushike usukani, afunge breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma: kiungo kikicheza dukani kikiwa kipya, mwaka ukiisha kitakuwa kimelegea. Aulize pia kikomo cha uzito wa mwendeshaji pamoja na mzigo, jambo ambalo wengi huona haya kuliulizia.

Sheria ya Uingereza ni nyepesi kueleweka. Baiskeli ya umeme huhesabiwa kuwa baiskeli tu ikiwa ina pedeli, mota yake haizidi wati 250, na msaada wa mota hukoma katika kilomita 25 kwa saa. Mwendeshaji awe na umri wa miaka 14 au zaidi. Hahitaji leseni wala bima. Ikizidi hapo huwa pikipiki machoni pa sheria. Kukunjika (au tuseme kukunjwa) kuna uzito wa kisheria pia. Baada ya baiskeli moja ya umeme kushika moto katika kituo cha Rayners Lane mwezi wa Februari 2025, mamlaka ya usafiri ya London ilipiga marufuku baiskeli za umeme katika magarimoshi yake kuanzia tarehe 31 Machi mwaka huo, isipokuwa zile za kukunja. Hoja ilikuwa kwamba za kukunja aghalabu hutoka kiwandani zikiwa na mota na betri zake, wakati nyingi za aina nyingine ni za kawaida zilizotiwa vifaa vya kuungaunga.

Moto wa betri za lithiamu si porojo. Seli moja ikipasha kupita kiasi huipasha jirani yake, na mnyororo huo ukianza ni vigumu kuuzima. Anayeishi katika chumba kimoja cha bweni atumie chaja iliyokuja na betri, asiiache ikichaji usiku kucha, na asiiweke kwenye njia ya kutokea. Betri iliyotumika inayouzwa na mtu asiyejulikana ni bora iachwe, hata kama bei inavutia.

Linabaki swali la kurudi nyumbani, na hapa ndoto nyingi huvunjika. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga huruhusu betri ya lithiamu ya hadi wati-saa 100 ndani ya ndege ya abiria bila matatizo. Kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika. Zaidi ya 160 hairuhusiwi, iwe mkononi au katika shehena ya abiria. Betri ya wati-saa 300 haitapanda, na hakuna kusihi kutakakosaidia. Baiskeli yenyewe, bila betri, yaweza kufungashwa na kupokelewa kama mzigo ikiwa haijavuka kikomo, ambacho mara nyingi ni kilo 23. Betri italazimika kusafirishwa kama shehena hatari, kwa gharama inayoweza kumfanya mtu atafakari upya. Zipo baiskeli zenye betri ya chini ya wati-saa 160. Hizo hutoa kilomita 15 hadi 25, na kwa mtu ambaye safari yake ni kutoka steji hadi ofisini, huenda zikatosha.

Chaja haitasumbua, kwa kuwa soketi za Kenya ni za meno matatu kama za Uingereza na volti zinakaribiana. Kitakachosumbua ni fundi. Panki kwenye gurudumu lenye mota huhitaji kutenganisha waya na kufungua nati zilizokazwa sana, na fundi wa kona aliyezoea kuziba tyubu kwa dakika tano huenda asitake kuligusa. Betri nayo hupungua uwezo baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa, na ya kuibadilisha isipopatikana, kinachosalia ni baiskeli nzito isiyo na msaada. Kwa sababu hiyo, msomi anayekaa London mwaka mmoja tu anaweza kufaidi zaidi kwa kununua ile ya kilo 11 isiyo na umeme. Hiyo itapanda ndege, itaingia buti ya matatu kondakta akikubali, na tyubu yake itazibwa palepale kandokando ya barabara.