Vidonge vya ujana ao mafuta mekundu ya kwetu?

Siku hizi sokoni wanauzisha vidonge vya antioksida, wanasema vinazuia uzee. Kuna wenye kuuzisha maharagi ya nyumba nzima ili wamununulie muzee chupa moja.

Antioksida hupunguza uharibifu ndani ya mwili, sawa vile mafuta yanakinga jembe lisishike kutu. Lakini ile ya chakula na ile ya kidonge hazitendi sawa. Kule Ufini, Ulaya, walijaribu vidonge vya beta-karotini kwa wanaume zaidi ya 29 000 wenye kuvuta tumbako. Matokeo yalitoka mwaka 1994: kansa ya mapafu iliongezeka kwa 18 kwa mia kwa wale waliovimeza. Basi muzee mwenye kuvuta tumbako asipewe kidonge hicho, hata cha bure.

Beta-karotini hiyohiyo ndiyo inafanya mafuta ya mawese kuwa mekundu. Shida iko jikoni: wengi wanayachoma mpaka yanakuwa meupe, na hapo karotini imekwisha kufa. (Najua, wengi wanapenda ladha ile.) Sombe itwangwe, ichemshwe sana juu ya sumu yake, kisha mafuta yatiwe ikikaribia kuiva.

Muzee asiye na meno apondewe maharagi na sambaza, juu uzee unapunguza nyama za mwili, na antioksida haizirudishi. Na dawa ya tensio aliyoandikiwa kwenye kituo cha afya, asiiache.